Mashine inapopima yenyewe mwendo wa kuta za moyo: tutazame picha kabla ya kuisoma namba

MWANZISHA UZI

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nimeamua kuufungua uzi huu kwa sababu maswali ninayopokea kuhusu majibu ya eko, yaani kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, yamekuwa yakifanana. Mgonjwa ametoka kupimwa moyo, ameshika karatasi, na ndani yake kuna duara la rangi nyekundu na buluu lililogawanywa vipande kama shabaha ya mishale, na chini yake pameandikwa namba yenye alama ya kutoa, tuseme −16. Anauliza kama moyo wake umeharibika. Vijana waliotoka vyuoni huuliza swali la upande wa pili: ikiwa mashine inachora mipaka ya moyo na kutoa namba yenyewe ndani ya sekunde chache, mpimaji amebaki na kazi gani?

Mimi ni mpimaji wa eko na kazi hii nimeifanya kwa zaidi ya miaka kumi. Ninachotaka kusema ni hiki: programu hizi zinapima vizuri, mara nyingine vizuri kuliko jicho langu, lakini zinachopima ni picha niliyozipa, na kasoro yoyote iliyomo kwenye picha huingia ndani ya namba bila kujitangaza. Kwa hiyo anayeisoma namba bila kuitazama picha anasoma nusu ya majibu.

Tuanze na jicho, kwa kuwa ndilo lililotangulia. Inge Edler, daktari, na Hellmuth Hertz, mwanafizikia, walirekodi mwendo wa moyo kwa mawimbi ya sauti mjini Lund, Uswidi, mwaka 1953, kwa kifaa cha aina iliyotumika viwandani kutafuta kasoro ndani ya vyuma. Tangu wakati huo hadi leo, sehemu kubwa ya kazi ya kutathmini kuta za moyo imefanywa na mtu aliyekaa mbele ya skrini akitazama. Ukuta wa ventrikali ya kushoto, yaani chemba kubwa inayosukuma damu kwenda mwilini, hugawanywa vipande 16 au 17. Mgawanyo wa vipande 17 ulipendekezwa na Chama cha Moyo cha Marekani mwaka 2002, na kipande cha 17 ni kofia ya nchani, kwenye ncha ya moyo, ambayo kwa kawaida haiingii ndani, ndiyo maana katika kupima mwendo wengi wetu tunabaki na 16. Kila kipande hupewa alama: 1 kinaponenepa na kuingia ndani sawasawa, 2 kinapofanya hivyo kwa udhaifu, 3 kinapotulia pasipo kufanya lolote, na 4 kinapotuna nje wakati wenzake wanaingia ndani. Alama hujumlishwa, kisha hugawanywa kwa idadi ya vipande vilivyoonekana. Moyo wenye vipande 13 vizima na vitatu vilivyotulia hupata 22 kwa 16, yaani takriban 1.38, wakati moyo mzima hupata 1.

Njia hiyo imeokoa watu wengi na bado naitumia kila siku. Udhaifu wake ni kwamba wapimaji wawili wazuri wanaweza kukitazama kipande kimoja, huyu akakipa 1 na mwenzake 2, na kila mmoja akawa na hoja. Upo pia udhaifu mwingine ulio mkubwa zaidi: jicho huona kusogea, na kusogea si lazima kuwe kufanya kazi. Wavuvi kumi wanapovuta kamba ya juya, mmoja aliyeishika tu bila kuvuta naye hurudi nyuma pamoja na wenzake, na ukimtazama kwa mbali utadhani anatoa jasho. Misuli ya moyo iliyokufa baada ya mshipa wake kuziba huburutwa na majirani walio hai kwa namna hiyohiyo. Ili kumtambua asiyevuta, lazima upime kama yeye mwenyewe anajikunja.

Hapo ndipo kipimo kinachoitwa streni kinapoingia. Streni ni kiasi ambacho kipande cha misuli kimefupika kikilinganishwa na urefu wake wa mwanzo. Ukuta uliokuwa na sentimita 9 mwishoni mwa kujaa damu, ukafika sentimita 7.2 mwishoni mwa kusukuma, umepungua sentimita 1.8, ambayo ni asilimia 20 ya urefu wa mwanzo. Kwa kuwa umefupika tunaandika −20. Alama ya kutoa basi si ishara ya ugonjwa, na hili naomba wenye karatasi mikononi walishike vizuri. Miongozo ya vyama vya wapima moyo vya Marekani na Ulaya ya mwaka 2015 inasema kwamba kwa mtu mwenye afya streni ya jumla ya urefu, yaani wastani wa kufupika kwa kuta zote kwa urefu wake, hutarajiwa kuwa karibu na −20. Kadiri namba inavyosogea kuelekea sifuri, ndivyo misuli inavyofupika kidogo zaidi.

Nitaendelea na namna mashine inavyoipata namba hiyo.

MWANZISHA UZI

Naendelea.

Njia ya kwanza kufanya kazi vizuri ilikuwa Dopla ya misuli, yaani kupima kasi ya kitu kwa namna mwangwi wake unavyobadilika kinaposogea. Dopla tunaijua zaidi kwa kupima kasi ya damu, lakini mashine ikirekebishwa ili iache mwangwi hafifu na wa haraka wa damu, na kushika mwangwi mzito na wa polepole wa misuli, hupima kasi ya ukuta wenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Trondheim, Norwei, walionyesha kwamba ukichukua kasi ya nukta mbili zilizo jirani ndani ya ukuta na kuzitoa moja kwa nyingine, unapata kasi ambayo misuli iliyo kati yake inafupika. Mvuvi asiyevuta anaanza kuonekana hapo, kwa sababu kama nukta mbili zinasogea kwa kasi ileile, kilichopo kati yake hakijikunji.

Tatizo la Dopla ni pembe. Huona tu mwendo unaoelekea kwenye probu, kile kifaa cha mkononi kinachowekwa kifuani, au unaoondoka kwake. Ukuta unaosogea kwa pembe ya nyuzi 60 na mstari wa mawimbi husomeka kwa nusu ya kasi yake halisi, na ukuta unaosogea kukatiza mstari huo hausomeki kabisa. Mpimaji alilazimika kuuweka kila ukuta sambamba na mstari wa mawimbi, kazi ambayo kwa mgonjwa anayehema kwa shida haiwezekani.

Njia inayotumika zaidi leo ilianza kuenea kuanzia mwaka 2004, nayo hufuata madoa. Ukiikuza picha ya eko hadi misuli ijaze skrini utaona vidoa vyeupe, vya kijivu na vyeusi vimetawanyika kama chenga za mchele zilizomwagika juu ya kitambaa cheusi. Madoa hayo si seli wala si nyuzi za misuli. Mawimbi hurudi kutoka kwenye vitu vidogo sana vilivyomo ndani ya misuli, vidogo kuliko urefu wa wimbi lenyewe, ambao kwa megahezi 2.5 ni kama milimita 0.6, yanaporudi hukutana, mengine yakiongezana nguvu na mengine yakifutana, na matokeo yake ndiyo madoa. Jambo la bahati ni kwamba kila eneo dogo la misuli hubeba mpangilio wake wa madoa, karibu kama alama ya kidole, na mpangilio huo hubaki unatambulika kutoka fremu moja, yaani picha moja ya video, hadi inayofuata. Programu hukata kimraba kidogo, hukitafuta kwenye fremu ya pili hapo jirani, hukipata pale panapofanana nacho zaidi, kisha hupima kimesogea kiasi gani na kuelekea wapi. Hufanya hivyo kwa vimraba vingi, fremu baada ya fremu, kwa pigo zima la moyo. Pembe haimsumbui sana mfuata madoa.

Sasa naomba tulitazame kwa makini jambo moja ambalo waliotengeneza programu hizi wanalijua vizuri na sisi watumiaji hulisahau. Madoa hupotea. Pengine mapafu yamefunika, pengine ubavu umeweka kivuli, pengine misuli imesogea nje ya bapa la picha, kwa kuwa moyo hujipinda na picha yetu ni bapa. Programu ikipoteza madoa ya mahali fulani haiachi pengo. Hukopa mwendo wa majirani na kulainisha mstari. Mchoro unaotokea ni mzuri, umenyooka, na hauonyeshi popote kwamba sehemu yake ni makisio. Programu nyingi huweka alama ya kukubali au kukataa kwa kila kipande, lakini alama hiyo nayo hutolewa na programu ileile. Mimi nimeshakuta kipande kimekubaliwa ilhali mstari umekaa juu ya kivuli cha ubavu.

MUUGUZI WA ZAMU

Asante sana kwa somo. Nina swali ambalo limetusumbua wodini. Tulikuwa na mgonjwa wa shinikizo la damu la muda mrefu ambaye kipimo chake cha EF, yaani asilimia ya damu inayosukumwa nje ya ventrikali kwa kila pigo, kilikuwa 60, na daktari akasema ni kizuri, lakini streni yake ilikuwa −14 na daktari huyohuyo akasema moyo umeanza kuchoka. Inawezekanaje moyo mmoja uwe mzima na mchovu kwa wakati mmoja?

MWANZISHA UZI

Dada, swali lako linagusa sababu yenyewe ya kipimo hiki kuwepo.

EF hupima ujazo. Chemba ikijaa mililita 120 na kubaki na 50 baada ya kusukuma, imetoa 70, ambazo ni asilimia 58. Kwa miongozo ileile ya 2015, kawaida ni 52 hadi 72 kwa wanaume na 54 hadi 74 kwa wanawake. Lakini EF haisemi ni misuli ipi iliyofanya kazi hiyo. Ukuta wa moyo umepangwa kwa tabaka: nyuzi za ndani kabisa hukimbia kwa urefu, kutoka kwenye vali kuelekea nchani, zikijipinda kidogo, za katikati huzunguka chemba kama mshipi, za nje hurudi tena kwa urefu kwa mpindo wa upande mwingine. Nyuzi za ndani ndizo zinazobanwa na shinikizo lililomo ndani ya chemba, na ndizo zilizo mwisho wa safari ya damu inayotoka kwenye mishipa ya korona iliyo juu ya moyo. Kwa hiyo shinikizo la damu, kisukari au upungufu wa damu kwenye misuli unapoanza, nyuzi hizi ndizo huumia mapema. Nyuzi za mshipi wa kati huendelea kukaza na hata kuongeza juhudi, na ukuta ulionenepa kwa sababu ya shinikizo humaliza ujazo wa chemba kwa urahisi zaidi. Ujazo unaotoka haupungui, EF inabaki 60, na huku kufupika kwa urefu kumeshuka hadi −14. Daktari wenu alisema kweli mara zote mbili.

Nitaongeza tahadhari moja inayohusu mgonjwa wa aina hiyo hasa. Streni hutegemea mzigo ambao moyo unasukuma dhidi yake wakati wa kipimo. Mgonjwa aliyepimwa akiwa na shinikizo la 180 kwa 110 ataonyesha streni dhaifu kuliko atakayoionyesha likishuka. Ndiyo maana naandika shinikizo la damu la dakika ileile juu ya kila kipimo cha streni, na nasikitika kila ninapopokea karatasi isiyo nalo.

DAKTARI WA WILAYA

Mwanzisha uzi, nashukuru. Mimi nipo hospitali ya wilaya ambako tuna mashine moja ya eko yenye programu hii, lakini hatuna bingwa wa moyo. Naomba utueleze kwa vitendo: namba ikitoka, sisi tusio mabingwa tutajuaje kwamba inaaminika? Maelezo ya vitabuni nimeyasoma, nahitaji ya kitandani.

MWANZISHA UZI

Daktari, nitakujibu kwa kisa changu mwenyewe, kwa sababu nilijifunza kwa kukosea.

Katika kituo kimoja nilichowahi kufanya kazi aliletwa mama wa miaka hamsini na kitu, mnene kiasi, analalamika kifua kubana anapopanda ngazi. Foleni ilikuwa ndefu. Nilichukua picha tatu za nchani, zinazopigwa probu ikiwa kwenye ncha ya moyo, programu ikachora mipaka, nikabonyeza kukubali, ikatoka −13, na duara likaonyesha vipande vya ukuta wa pembeni vimepauka. Niliandika kwamba ukuta wa pembeni ni dhaifu. Mama yule akaanza kupangiwa safari ya kwenda kufanyiwa kipimo cha mishipa ya moyo, na familia ikaanza kutafuta nauli na fedha za matibabu. Siku chache baadaye mwenzangu mwenye uzoefu aliomba tuirudie picha, na mimi nikakaa pembeni yake.

Hakuigusa namba. Alicheza picha ya nchani ya chemba nne polepole, mistari ya programu ikiwa imewashwa, akaniambia nitazame ukuta wa pembeni peke yake. Mapafu yalikuwa yameufunika nusu yake ya juu kwa ukungu wa kijivu. Ukuta ulipita chini ya mstari, ukaenda ndani na kurudi, na mstari ulikuwa umekaa palepale kwenye ukingo wa ukungu, ukitikisika kidogo tu kama ngalawa iliyotia nanga. Programu ilikuwa imefuata madoa ya mapafu. Kisha akanionyesha ncha: ilikuwa ya mviringo na ilikuwa inaingia ndani kwa nguvu, na hiyo ni dalili kwamba probu haikuwa kwenye ncha ya kweli, nilikuwa nimeikata chemba juu ya ncha na kuipata fupi kuliko ilivyo.

Alimwita mama, akamlaza vizuri kwa ubavu wa kushoto, mkono wa kushoto juu ya kichwa ili mbavu zitanuke, akashusha probu nafasi moja ya ubavu na kuisogeza kidogo pembeni, akaongeza jeli, akamwomba atoe pumzi na kuishikilia. Ukungu ukaondoka. Namba ikatoka −18, na ukuta wa pembeni ukawa sawa na wenzake. Siku hiyo shinikizo lake pia lilikuwa limeshuka baada ya kuanza dawa, kwa hiyo sitasema tofauti yote ilikuwa ya picha, lakini duara lililopauka lilikuwa langu. Tuliandika taarifa mpya na nikamweleza yeye na mwanawe kosa lilikuwa wapi.

Kwa hiyo, Daktari, kabla ya kuisoma namba fanya kama alivyofanya yule mwenzangu. Cheza pigo zima polepole na ukague kila ukuta peke yake: je, mstari unakwenda na ukuta au umebaki nyuma? Je, mstari wa nje umeingia ndani ya utando wa moyo, ambao hausogei kama misuli na utaishusha namba? Je, chini kabisa mstari umeanzia kwenye pete ya vali ya mitrali au umepanda ndani ya chemba ya juu? Angalia pia kama ECG, mchoro wa umeme wa moyo, imeshika pigo moja kamili, kwa kuwa programu huhesabu mwanzo kutoka kwenye wimbi la R, kilele kirefu cha mchoro huo, na mwisho kutoka kwenye kufunga kwa vali ya aota, na ikiukosea wakati huo, kufupika kunakotokea baada ya vali kufungwa huhesabiwa kama kazi halali. Mgonjwa ambaye mapigo yake hayana mpangilio mpime mapigo kadhaa. Na vipande zaidi ya viwili vya mwonekano mmoja vikikataa kufuatika, ni afadhali kuandika kwamba streni haikuweza kupimwa kuliko kuandika namba.

Kuhusu duara la rangi, lisome kwa umbo kabla ya kulisoma kwa namba. Udhaifu unaofuata eneo la mshipa mmoja wa korona, unaoonekana pia kwa jicho kwenye picha isiyo na mistari, una uzito. Udhaifu wa sehemu za kuta zote zilizo karibu na vali huku ncha ikibaki na rangi nzuri hufanya tuufikirie ugonjwa wa amiloidi, ambao protini zisizo za kawaida hujikusanya ndani ya misuli, na umbo hilo ni moja ya mambo ambayo streni imetufundisha na jicho lisingeyaona. Kipande kimoja kilichopauka katikati ya vizima, hasa mahali ambapo mapafu hufunika, kishuku kwanza picha. Namba ya kipande kimoja kimoja hubadilika mno kutoka kipimo hadi kipimo. Wastani wa jumla ndio imara.

FUNDI MITAMBO

Nimefurahi kusoma. Mimi ni fundi wa vifaa tiba na ningependa kuongezea upande wa mashine. Wapimaji wengi huacha kina cha picha sentimita 20 na upana wote ukiwa wazi, kisha wanashangaa programu inalalamika kwamba fremu ni chache. Sauti husafiri mwilini mita 1540 kwa sekunde. Kwa kina cha sentimita 15 mwangwi hutembea sentimita 30 kwenda na kurudi, kwa hiyo kwa hesabu ya kawaida mashine haiwezi kutuma zaidi ya mistari ya mawimbi kama 5100 kwa sekunde. Picha moja ikihitaji mistari 100, unapata fremu 51. Punguza upana hadi mistari 70 na utapata zaidi ya 70. Mashine za kisasa zina ujanja wa kupokea mistari kadhaa kwa mpigo mmoja, lakini kanuni haibadiliki: kina kifupi na upana mdogo huleta fremu nyingi. Swali langu ni kwamba, je, ni kweli namba za mashine mbili tofauti hazilinganishiki?

MWANZISHA UZI

Ndugu Fundi, hesabu yako ndiyo ninayowafundisha wanafunzi. Kwa kufuata madoa tunahitaji takriban fremu 40 hadi 80 kwa sekunde. Zikiwa chache madoa yanakuwa yameruka mbali kabla ya kutafutwa, na ukizilazimisha kuwa nyingi mno kwa kupunguza mistari, picha inakuwa na ukungu na madoa yenyewe yanatanuka.

Kuhusu swali lako, mashine zilikuwa zikitofautiana sana mwanzoni. Kila mtengenezaji alikuwa na siri yake ya kulainisha mistari, na wengine walipima ukingo wa ndani wa misuli wakati wengine walipima katikati yake. Vyama vya Ulaya na Marekani vilikaa pamoja na watengenezaji kulitafutia suala hili ufumbuzi, na mwaka 2015 yakachapishwa matokeo ya kuwalinganisha watengenezaji tisa kwa watu walewale. Tofauti kubwa kabisa ya streni ya jumla kati yao ilikuwa 3.7. Fikiria maana yake kwa mgonjwa aliyetoka −19 kwenye mashine moja na kupata −16 kwenye nyingine: moyo wake huenda haujabadilika hata kidogo. Lakini kazi hiyohiyo ilionyesha kwamba wapimaji wakirudia kipimo, streni ya jumla hurudi karibu na ilivyokuwa kwa kiwango kilicho sawa na EF au bora zaidi. Kwa hiyo mgonjwa anayefuatiliwa apimwe kwa mashine ileile na programu ileile, na jina la programu na toleo lake viandikwe kwenye taarifa.

DADA WA MGONJWA

Samahani kuingilia mazungumzo ya wataalamu. Mdogo wangu anatibiwa saratani ya titi kwa dawa za dripu, na wamemwambia atapimwa eko kila baada ya muda. Kipimo cha kwanza streni ilikuwa −21, cha pili −19.5. Tumeogopa. Je, dawa imeanza kuharibu moyo?

MWANZISHA UZI

Dada yangu, hujaingilia, ni kwa ajili ya watu kama mdogo wako kipimo hiki kina thamani kubwa. Baadhi ya dawa za saratani, zikiwemo za kundi la doksorubisini, zinaweza kudhoofisha misuli ya moyo, na streni huweza kushuka kabla EF haijashuka, wakati bado kuna nafasi ya kuchukua hatua.

Daktari wake atalinganisha na kipimo chake mwenyewe cha mwanzo. Kushuka kunakotiliwa maanani ni kwa zaidi ya asilimia 15 ya thamani ile ya kwanza. Kwake, asilimia 15 ya 21 ni kama 3.2, yaani namba ingefika karibu na −17.8. Kutoka −21 hadi −19.5 ni asilimia 7 hivi, na mabadiliko ya kiasi hicho yanaweza kuletwa na picha, na shinikizo la damu, au na pumzi. Asiache dawa wala asikose tarehe ya kipimo. Waulize tu kama vipimo vyote viwili vilifanywa kwa mashine moja.

DAKTARI WA WILAYA

Swali la mwisho kwa upande wangu. Tunasikia akili mnemba itapima yenyewe kila kitu, hata anayeshika probu hatahitaji ujuzi. Hilo liko karibu kiasi gani?

MWANZISHA UZI

Liko karibu kuliko nilivyodhani, na sina sababu ya kulipinga. Tutofautishe kwanza. Kufuata madoa ni hesabu ya kulinganisha picha. Akili mnemba hujifunza kutokana na picha nyingi zilizokwisha kupimwa na watu. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha mfumo uliotengenezwa na kujaribiwa kwa video 10,030 za eko, na ulikadiria EF kwa wastani wa kosa la pointi 4.1, ulipopelekwa kwenye picha za hospitali nyingine kosa lilipanda hadi 6.0. Mwaka 2023 yakatoka majaribio ya Los Angeles ambamo madaktari walikagua makadirio ya awali ya EF bila kujua kama yametoka kwa mashine au kwa mpimaji. Walilazimika kuyabadilisha kwa kiasi kikubwa kwa asilimia 16.8 ya yale ya mashine na asilimia 27.2 ya yale ya wapimaji. Nilipoisoma nilikaa nayo siku nzima, kwa kuwa wapimaji waliolinganishwa ni watu wa kazi yangu. Na mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya wauguzi wanane wasio na uzoefu wa altrasaundi ambao, wakielekezwa na programu namna ya kugeuza probu, waliwapima wagonjwa 240, na karibu picha zote zilitosha kutathmini ukubwa na kazi ya ventrikali ya kushoto.

Angalia, Daktari, kwamba mafanikio hayo mengi ni ya kazi ya jumla ya moyo. Ukuta mmoja mmoja ni mgumu zaidi, kwa sababu waliokuwa wakiifundisha mashine wenyewe hawakubaliani kuhusu kipande kipi ni 1 na kipi ni 2. Angalia pia ile pointi 4.1 iliyogeuka 6.0 kwa kubadilisha hospitali tu ndani ya jimbo moja la Marekani. Kwetu mpimaji hukutana na vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi kwa vijana, na mioyo iliyotanuka baada ya uzazi. Kabla ya kununua mfumo wowote ningeomba ujaribiwe kwanza kwa picha za wagonjwa wetu wenyewe, zilizosomwa na wataalamu wetu, na matokeo yawekwe wazi. Kwa hospitali yako isiyo na bingwa, mfumo unaomwelekeza mpimaji kupata picha nzuri nauona una faida ya haraka kuliko unaotoa namba.

FUNDI MITAMBO

Na kuhifadhi je? Sisi tumezoea kuweka video kwenye diski baada ya kuzibana ili zisijaze nafasi.

MWANZISHA UZI

Hapo ndipo vipimo vingi vya ufuatiliaji hupotea. Mashine nyingi zikitoa video nje huishusha hadi fremu 30 kwa sekunde, na kuibana hufuta sehemu ya madoa. Atakayejaribu kuipima upya mwaka ujao kwa programu nyingine atapata namba, lakini haitakuwa ya moyo uleule uliopimwa. Hifadhi video kwa kasi yake ya asili, katika muundo wa mashine yenyewe, angalau zile picha tatu za nchani.

DADA WA MGONJWA

Nimeuliza hospitali. Wamesema kipimo cha pili kilifanyika chumba kingine, kwa mashine mpya.

MWANZISHA UZI

Asante kwa kurudi. Basi omba picha za kipimo cha kwanza zitafutwe kwenye mashine ya zamani, na kama zipo kwa kasi yake ya asili, zipimwe upya kwa programu moja pamoja na za pili. Kama haziwezekani, kipimo kijacho kifanywe kwenye mashine ile ya kwanza. Siku hiyo mdogo wako aende na karatasi zote mbili, na amwombe mpimaji aandike shinikizo la damu juu yake.